Sukari Ndani ya Damu: Swali la Nishati ya Kimelea cha Malale katika Historia ya Mwanza na Mwambao wa Ziwa Viktoria, 1902–1977

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari mjini Mwanza hufundishwa kwamba seli huvunja glukosi kwa msaada wa oksijeni, ikapata nishati, na kutoa kaboni dioksidi na maji. Fundisho hilo ni sahihi kwa seli za mwanafunzi mwenyewe, kwa seli za sato na sangara wa ziwani, na hata kwa seli za mhogo na mtama wa shambani kwao. Halikitoshi kiumbe kimoja cha seli moja ambacho historia ya eneo hilo haiwezi kuandikwa bila kukitaja, nacho ni kimelea cha malale. Kikiwa ndani ya damu ya binadamu, kimelea hicho hula glukosi kwa pupa na hutumia oksijeni, lakini hutoa kaboni dioksidi kidogo mno, na hupata sehemu ndogo tu ya nishati iliyomo katika sukari kinayoila.

Makala haya yanafuatilia namna ukweli huo ulivyokuja kujulikana, na kuuliza kwa nini ulichelewa kuwafaa watu waliougua. Hoja inayotetewa ni kwamba tawala za kikoloni katika mwambao wa ziwa ziliongozwa na maswali mawili: mbung'o yuko wapi, na dawa ipi inaua kimelea. Swali la tatu, yaani kimelea chenyewe kinaishi kwa nini, liliulizwa mbali na ziwa na watu wachache. Tena jibu lake la kwanza lilipopatikana lilitumiwa kama nyenzo ya kupimia dawa za aseniki, wala halikuchukuliwa kuwa njia ya kupata dawa nyingine.

Maandishi ya awali kuhusu malale katika Afrika Mashariki ni mengi na mazito. John Ford, katika kitabu chake cha 1971, aliuweka ugonjwa huu ndani ya uhusiano wa watu, mifugo, vichaka na wanyamapori. Helge Kjekshus, mwaka 1977, alieleza jinsi sotoka ya miaka ya 1890, njaa na vita vilivyovunja udhibiti wa wenyeji juu ya mazingira yao, vichaka vikarudi na mbung'o akarudi navyo. Kirk Arden Hoppe, mwaka 2003, alichunguza uhamishaji wa watu uliofanywa kwa jina la afya kandokando ya ziwa. Wanahistoria hao wametupa ardhi na watu, lakini kimelea kwao ni jina tu. Kwa upande wa pili, wanabiokemia wameandika juu ya vimeng'enya vya kimelea kwa undani unaostaajabisha, na katika kurasa zao Maswa, Uzinza na Sese hazimo. Ni nadra kuziona maktaba hizi mbili zikisomwa pamoja.

Neno lenyewe linahitaji kuangaliwa kabla ya kuendelea. Kwa Kiswahili tunasema seli “inapumua”, na istilahi upumuaji imekwishazoeleka katika vitabu vya biolojia. Kupumua, kwa msemaji wa kawaida, ni kazi ya mapafu na pua. Mwanafunzi akisikia upumuaji wa seli huwaza hewa, ilhali jambo kubwa linalotendeka ni kuvunjwa kwa chakula hatua kwa hatua ili nishati yake inaswe kabla ya kupotea kama joto. Jina la ugonjwa nalo lina upungufu wa namna hiyo: malale limetokana na usingizi, ambao ni dalili ya mwisho, wakati vimelea vimekwishavuka na kuingia katika ubongo. Majina yote mawili yametazama kinachoonekana nje. Katika makala haya ninatumia “upumuaji” kwa maana pana ya kupata nishati kutokana na chakula, ingawa tutaona kwamba kimelea hiki kinaliweka neno hilo mashakani.

Kinachotendeka ndani ya seli

Molekuli ya glukosi ina atomu 6 za kaboni. Katika mfululizo wa hatua uitwao glikolisisi, molekuli hiyo hukatwa na kuwa molekuli 2 za piruvati, kila moja ikiwa na kaboni 3. Faida ya seli katika hatua hizi ni molekuli 2 za ATP, ambayo ni sarafu ya nishati inayotumika katika kazi zote za seli. Glikolisisi pia huchomoa elektroni, ambazo hupokewa na vibebaji maalumu. Vibebaji hivyo ni vichache, hivyo lazima vipakuliwe mahali fulani ili virudi kazini. Visipopakuliwa, glikolisisi husimama.

Katika seli ya binadamu yenye oksijeni ya kutosha, piruvati huingia katika mitokondria na kuvunjwa yote hadi kaboni dioksidi. Elektroni hupitishwa kutoka protini moja hadi nyingine kuelekea kwenye oksijeni, na njiani husukuma protoni kuvuka utando. Protoni zinaporudi, zinazungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP. Jumla ya mavuno ni takribani ATP 30 hadi 32 kwa kila glukosi; vitabu vya zamani vilisema 36 au 38. Picha hiyo ilijengwa polepole. Karl Lohmann aliitambua ATP mwaka 1929, Hans Krebs alieleza mzunguko unaobeba jina lake mwaka 1937, na Peter Mitchell alitoa nadharia ya protoni mwaka 1961, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Kimelea cha malale kilicho ndani ya damu huishia njiani. Hukata glukosi, huchukua ATP 2, kisha huitupa piruvati nje, ndani ya damu ya mgonjwa, ikiwa bado imebeba sehemu kubwa ya nishati yake. Elektroni hupelekwa kwa njia ya giliserofosfati hadi kwenye kimeng'enya kimoja katika mitokondria kinachozikabidhi kwa oksijeni moja kwa moja. Maji hutengenezwa, lakini hakuna protoni zinazosukumwa, na hakuna ATP inayopatikana katika hatua hiyo. Oksijeni kwa kimelea hiki ni jalala la kutupia elektroni. Ikikosekana, kimelea hubadili njia, hutoa giliseroli pamoja na piruvati, na faida hushuka hadi ATP 1 kwa glukosi.

Ubadhirifu huu una sababu inayoeleweka. Damu ya mtu mwenye afya hubeba takribani gramu 1 ya glukosi katika kila lita, na ini hufanya kazi usiku na mchana kuhakikisha kiasi hicho hakishuki. Mpangaji anayelishwa na ghala la mwenye nyumba, ghala ambalo mwenyewe hulijaza kila linapopungua, hana haja ya kubana matumizi. Lakini hali hiyo ina upande wa pili, ambao ndio kiini cha makala haya: kiumbe kisichokuwa na njia nyingine ya kupata nishati isipokuwa glikolisisi, njia hiyo ikizibwa, hufa katika muda mfupi.

Sindano kabla ya swali

Mwezi Februari 1901 Albert Cook na ndugu yake Jack, madaktari wa hospitali ya misioni ya Mengo, Kampala, waliwatambua wagonjwa wa malale. Julai 1902 tume ya Royal Society ya Uingereza ilifika Entebbe, na kabla ya mwaka kwisha Aldo Castellani alikuwa ameviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. David Bruce alifika mwaka 1903 na kuthibitisha kwamba mwambukizaji ni mbung'o. Kufikia hapo watu walikuwa wakifa kwa maelfu katika Busoga, Buganda na visiwa vya Sese. Idadi inayotajwa mara nyingi kwa mlipuko wote ni zaidi ya watu 200,000. Mwaka 1906 Kamishna Hesketh Bell aliamuru mwambao wa Uganda uhamwe.

Kusini mwa ziwa, Wajerumani waliogopa ugonjwa huo ungeshuka hadi Bukoba, Mwanza na Shirati. Robert Koch, aliyekuwa ametunukiwa Nobel mwaka uliotangulia, alipitia Mwanza mwaka 1906 na kuweka kambi yake Bugala, katika visiwa vya Sese, mahali ambapo wagonjwa walikuwa wengi. Chombo chake kilikuwa hadubini, na silaha yake ilikuwa Atoxyl, dawa yenye aseniki ambayo Wolferstan Thomas na Anton Breinl wa Liverpool walikuwa wameonyesha mwaka 1905 kuwa inaua vimelea katika wanyama. Mwanzoni matokeo yalifurahisha: vimelea vilitoweka katika damu, na wagonjwa wakapata nafuu. Kisha vilirudi. Koch aliongeza kipimo hadi gramu nzima, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka kwa kuharibika kwa mishipa ya macho.

Upofu huo umetajwa mara nyingi kama ushahidi wa ukatili wa tiba ya kikoloni, na ni haki utajwe. Kwa makala haya una maana nyingine pia. Hakuna aliyejua Atoxyl ilikuwa inafanya nini ndani ya kimelea. Muundo wa kemikali wa dawa hiyo ulisahihishwa na Paul Ehrlich na Alfred Bertheim mwaka 1907, wakati sindano zilikuwa zimekwishatolewa kwa mamia ya watu. Ehrlich alifikiri kwa lugha ya shabaha: dawa iishike seli ya kimelea na kuiacha seli ya mtu. Wazo lilikuwa zuri, ila shabaha yenyewe haikuwa na jina. Kilichohesabiwa ni vimelea vilivyobaki chini ya kioo cha hadubini.

Friedrich Karl Kleine, aliyefuatana na Koch na kubaki baada yake, alifanya kazi bora zaidi kwa maoni yangu, ingawa sifa yake ni ndogo. Katika kambi ya Kirugu, mwambao wa mashariki wa ziwa, alionyesha mwaka 1909 kwamba mbung'o habebi kimelea kama sindano chafu inavyobeba uchafu. Kimelea hukaa ndani ya mbung'o siku kadhaa, hubadilika, ndipo kikaweza kuambukiza tena. Kleine aliona mabadiliko ya umbo. Kwamba kimelea kilikuwa kinabadili pia chakula chake na namna ya kupata nishati, hilo halikuweza kuonekana Kirugu, na tutalirudia.

Mashariki ya Mwanza

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza, malale yalilipuka mwaka 1922 katika eneo la Maswa. Lyndhurst Duke, aliyekuwa akiongoza utafiti wa malale huko Uganda, alitumwa kuchunguza, na taarifa yake iliyochapishwa na Royal Society mwaka 1923 ilitaja mahali hapo kuwa mashariki ya Mwanza. Ugonjwa huu haukufanana na ule wa Sese. Ulikwenda kasi, uliua katika miezi badala ya miaka, na ulitokea mbali na maji, katika pori lenye wanyama. Mbung'o wa huko, aliyepewa jina rasmi Glossina swynnertoni mwaka huohuo wa 1923, aliishi katika vichaka vikavu. Kimelea chenyewe kilikuwa cha aina iliyoelezwa mwaka 1910 na Stephens na Fantham kwa jina la Trypanosoma rhodesiense.

Serikali ilijibu kwa kuhamisha watu. George Maclean, daktari aliyesimamia kazi ya malale Tanganyika, alipendelea kuwakusanya wakazi waliotawanyika porini katika makazi makubwa, kwa hoja kwamba watu wengi wakilima pamoja vichaka hufyekwa na mbung'o hukosa kivuli. Katika Usukuma, na baadaye Uzinza ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, familia ziliacha makaburi, migomba na malisho yao. Shinyanga, chini ya C. F. M. Swynnerton, ikawa makao ya utafiti wa mbung'o, na Wasukuma walifyeka vichaka kwa nguvu za mikono kwa maelfu ya ekari. Hoppe ameyaeleza hayo kwa kirefu, na sina cha kuongeza isipokuwa jambo moja. Mpango wa Maclean ulikuwa na mantiki, tena kwa kiasi fulani ulifanana na yale ambayo wenyeji walikuwa wakiyafanya kabla ya sotoka kuua ng'ombe wao. Tofauti ni kwamba wakati ule wenyeji walikuwa wanaamua wenyewe.

Tinde, kusini-magharibi ya mji wa Shinyanga, lilianza jaribio mwaka 1934 ambalo halina kifani katika historia ya ugonjwa huu. J. F. Corson, na baada yake H. Fairbairn, walichukua kimelea cha T. rhodesiense wakakipitisha kutoka kwa mbung'o hadi kwa kondoo na swala, na tena kwa mbung'o, kwa zaidi ya miaka 20. Walitaka kujua kama kimelea kilichokaa muda mrefu katika wanyama hupoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu. Njia ya kupima ilikuwa kumwambukiza binadamu. Waafrika walioitwa watu wa kujitolea waliumwa na mbung'o wenye vimelea, wakaugua, kisha wakatibiwa. Jibu lilikuwa kwamba uwezo haupotei. Mtafiti wa leo anayesoma taarifa hizo hana budi kusimama kwenye neno kujitolea, kwa kuwa taarifa zimeandikwa kwa sauti ya maabara, na sauti ya aliyenyoosha mkono wake haimo.

Tinde ulikuwa mradi wa kisayansi wa kweli, uliojibu swali gumu kwa uvumilivu mkubwa. Lakini swali lilikuwa la uambukizaji. Mahali ambapo kimelea hai kilipatikana kila siku kwa miaka 20, karibu na wagonjwa wa kweli, vipimo vya nini kinakula na nini kinatoa havikuwa shabaha ya kazi. Vipimo hivyo vilifanyika Ulaya, katika panya.

Sukari katika chupa ya Liverpool

Mwaka 1911 Kurt Schern, daktari wa mifugo wa Kijerumani, aligundua jambo dogo. Vimelea vilivyoanza kulegea katika majimaji ya damu vilichangamka tena vilipoongezewa dondoo la ini. Baadaye ilifahamika kwamba kilichovichangamsha ni glukosi. Schern aliendelea na kupendekeza kwamba mnyama aliyeambukizwa hufa kwa kunyang'anywa sukari yake. Pendekezo hilo, likichukuliwa kama maelezo ya kifo, limekataliwa. Mgonjwa wa malale hafi kwa kukosa sukari. Hata hivyo Schern ndiye aliyeiweka sukari mezani.

Mwaka 1929 Warrington Yorke na wenzake wawili, Adams na Murgatroyd, katika shule ya tiba ya nchi za joto ya Liverpool, walifanikiwa kuviweka vimelea hai nje ya mwili kwa saa 24 katika joto la mwili wa mtu. Sharti mojawapo lilikuwa glukosi. Pasipo glukosi, vimelea vilikufa upesi. Hapa ndipo historia ingeweza kupinda. Watafiti walikuwa na chupa mbili, moja yenye vimelea vinavyoogelea, nyingine yenye vimelea vilivyokufa, na tofauti ya chupa hizo ilikuwa sukari. Lakini kusudi la Yorke lilikuwa kupata njia ya kupima dawa za aseniki, na kwa nini vimelea vingine huzoea aseniki. Glukosi ilikuwa kuni za kuchemshia chungu. Macho yalikuwa kwenye chungu.

Tusimlaumu Yorke kupita kiasi. Seli za binadamu nazo hukata glukosi kwa hatua zilezile, na chembe nyekundu za damu, ambazo hazina mitokondria, huishi kwa glikolisisi pekee. Mwaka 1929 mtu angeuliza kwa haki: utazibaje njia ya sukari ya kimelea bila kuzima chembe nyekundu za mgonjwa? Ili kujibu, ilihitajika tofauti, na tofauti haikujulikana bado.

Dalili ya kwanza ya tofauti ilionekana katika sumu. Sianidi huua seli za wanyama kwa kuzuia protini ya mwisho inayokabidhi elektroni kwa oksijeni. J. D. Fulton na S. R. Christophers, waliochapisha mwaka 1938 vipimo vyao vya oksijeni kwa T. rhodesiense, yaani kimelea cha aina ileile iliyokuwa ikiua Maswa, walikuwa miongoni mwa walioona kwamba upumuaji wake hauzimwi na sianidi kama inavyotarajiwa. Kiumbe kinachotumia oksijeni kwa kasi namna ile, na bado hakijali sianidi, lazima kiwe na njia yake. Fulton hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1957, akiwa na P. T. Grant, alitoa hesabu ya uvunjaji wa glukosi katika T. rhodesiense, na piruvati ikawa ndiyo zao kuu. Mwaka 1960 Grant na Sargent walikitaja kimeng'enya chenyewe, kile cha giliserofosfati, na kueleza nafasi yake katika upumuaji. Miaka 31 ilikuwa imepita tangu chupa za Liverpool.

Katikati ya miaka hiyo dawa hazikusimama. Suramini ilitengenezwa na kampuni ya Bayer mwaka 1916, ikapelekwa na Kleine yuleyule wa Kirugu kufanyiwa majaribio Rhodesia na Kongo kuanzia mwaka 1921, na kuitwa Germanin, jina ambalo halikuficha siasa yake, kwani Ujerumani ilikuwa imepokonywa makoloni. Muundo wake ulifanywa siri hadi Ernest Fourneau wa Paris alipouchapisha mwaka 1924. Dawa hiyo ilitibu, na hutumika hadi leo katika hatua ya kwanza ya malale ya rhodesiense. Melasoproli, iliyoletwa na Ernst Friedheim mwaka 1949, ilifika hadi kwenye ubongo, ila aseniki yake iliua takribani mgonjwa 1 kati ya kila 20 waliotibiwa. Daktari wa hospitali ya wilaya aliyeshika sindano hiyo alijua hesabu hiyo. Mara nyingi na ndugu za mgonjwa waliijua.

Kifuko chenye vimeng'enya tisa

Mwaka 1965 Keith Vickerman alionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba mitokondria ya kimelea kirefu chembamba cha damuni imesinyaa, haina mikunjo ya ndani inayotarajiwa. Vimelea vifupi vinene, vinavyosubiri kunyonywa na mbung'o, vimeanza kuifufua. Ndani ya mbung'o mitokondria hukua kamili. Mabadiliko ya umbo ambayo Kleine aliyahesabu kwa siku sasa yalikuwa na maana ya kiuchumi: kimelea kinahama kutoka uchumi wa sukari hadi uchumi mwingine.

Uchumi huo mwingine ulielezwa na mtu aliyepitia Shinyanga. Edward Bursell alichunguza maisha ya mbung'o huko miaka ya 1950, kisha katika miaka ya 1960, akiwa Salisbury, akaonyesha kwamba mbung'o, ambaye chakula chake ni damu peke yake, harushi mbawa zake kwa nguvu ya sukari kama nzi wengine. Anatumia prolini, amino asidi. Kimelea kinachoingia ndani yake hukuta sukari haba na prolini tele, nacho huila prolini hiyo kwa mitokondria iliyofufuka. Naona jambo hili kuwa ndilo lenye mvuto kuliko yote katika historia hii, na ni ajabu kwamba halitajwi popote katika masimulizi ya vituo vya Shinyanga, ambavyo hukumbukwa kwa mapanga na moto wa vichaka.

Mwaka 1976 Clarkson na Brohn walifanya kwa makusudi kile ambacho chupa za 1929 zilikidokeza. Walizuia kimeng'enya kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni, na wakati uleule wakamwaga giliseroli nyingi ili kuziba njia ya pili, ile isiyohitaji oksijeni. Vimelea vilivyobanwa pande zote mbili vilikufa kwa dakika chache ndani ya panya. Tatizo lilikuwa kipimo. Giliseroli iliyohitajika ilikuwa nyingi mno kwa mwili kuistahimili, na tiba hiyo haikufika kitandani kwa mgonjwa.

Mwaka uliofuata Fred Opperdoes na Piet Borst, Amsterdam, waligundua tofauti iliyokosekana wakati wa Yorke. Katika seli zetu vimeng'enya vya glikolisisi huelea katika majimaji ya seli. Katika kimelea, 9 kati ya vimeng'enya vinavyoshughulikia glukosi na giliseroli vimefungiwa ndani ya kifuko chenye utando, ambacho waligundua na kukiita glikosomu. Ndani ya kifuko hicho ATP hutumika mwanzoni na kurudishwa baadaye kwa kiasi kilekile. Faida hupatikana nje, katika hatua ya mwisho. Kifuko hicho hakimo katika seli yoyote ya binadamu.

Kwa mtafiti wa historia ya dawa, miaka iliyofuata ina funzo la tahadhari. Suramini ilionekana kuzuia vimeng'enya kadhaa vya njia ya sukari katika chupa, na ikadhaniwa kwamba kitendawili cha 1916 kimeteguliwa. Lakini molekuli ya suramini ni kubwa, yenye chaji nyingi, na huingia katika kimelea kwa kumezwa pamoja na protini za damu. Mjadala juu ya shabaha yake ya kweli haujafungwa. Kwa aseniki ilidhaniwa muda mrefu kwamba inaua kwa kuzuia kimeng'enya kinachotoa piruvati, hatua ileile yenye faida ya ATP. Mwaka 1985 Alan Fairlamb na Anthony Cerami waligundua molekuli ya tripanothaioni, inayolinda kimelea dhidi ya uharibifu wa kemikali, na baadaye ikaonekana kwamba aseniki hushikamana nayo. Maelezo ya sukari yalirudi nyuma. Anayedai, kwa hiyo, kwamba kuuliza mapema swali la nishati kungewaokoa waliopofuka Bugala anadai zaidi ya ushahidi. Ninachodai mimi ni kidogo zaidi: kati ya 1929 na 1976 ujuzi kwamba kimelea hufa pasipo glukosi ulikuwepo, umechapishwa, katika jiji lilelile lililokuwa likitoa madaktari wa Tanganyika, na katika miaka hiyo 47 hakuna aliyeufanya kuwa lengo la tiba kwa watu wa Maswa, Ikoma au Uzinza. Waliougua huko walikuwa wachache kuliko wa Sese, walikaa mbali, na dawa ya kuua mmoja kati ya ishirini ilihesabiwa kuwa inatosha.

Dawa ya kumezwa ya feksinidazoli ilipata maoni ya kuungwa mkono na mamlaka ya dawa ya Ulaya kwa malale ya rhodesiense mwezi Desemba 2023, baada ya majaribio kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mwongozo wake. Haizibi njia ya sukari. Huamshwa na kimeng'enya ambacho binadamu hana, na ambacho kimelea hukiweka katika mitokondria yake, ileile ambayo Vickerman aliiona ikiwa imesinyaa.